Karotini: Sahanini au Kichupani?

Hoja iliyo mezani ni hii: je, mtu mzima anayepata ugali, mboga na matunda ya kwetu ana sababu ya kununua vidonge vya betakarotini? Vichupa hivyo vimejaa kwenye maduka ya dawa ya mijini, na vingine vinatembezwa maofisini na kwenye vikao vya vikoba. Kila kimoja kinaahidi macho makali, ngozi nyororo, kinga imara, hata ulinzi dhidi ya saratani. Na wakati huohuo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 uliwakuta watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59, asilimia 33 kati yao, wakiwa na upungufu wa vitamini A. Kwa hiyo hatujadili jambo la wenye nafasi tu.

Sauti nne zinazofuata nimezitunga, lakini kauli zao ndizo zinazosikika kila siku, na tafiti wanazozitaja zilifanyika kweli. Nimewaketisha Mwanza kwa sababu Kanda ya Ziwa kiazi kitamu ni mlo kamili, si kitafunwa cha chai. Mfamasia ni kijana mwenye duka lake. Afisa lishe ni mtumishi wa halmashauri. Mkulima ni mama wa makamo anayelima viazi na kuuza marando. Dereva ni mzee wa malori, amestaafu, alivuta sigara miaka mingi kisha akaacha. Kichupa kilichopo mezani ni cha kwake.

Dereva: Nimekinunua hiki kwa ajili ya mapafu. Nimeambiwa kinasafisha. Nimeendesha Isaka hadi Kigali usiku na mchana, na usingizi ukinijia nilikuwa nawasha sigara. Sasa nimeacha, nataka kurudisha afya yangu. Nielezeni, humu ndani mna nini hasa?

Mfamasia: Shikamoo mzee wangu. Humo mna rangi. Ile rangi ya chungwa unayoiona kwenye karoti, boga na papai, ndiyo yenyewe. Mkemia Mjerumani, Heinrich Wackenroder, aliitoa kwenye karoti mwaka 1831, na jina la karotini likatoka hapo. Baadaye Paul Karrer wa Uswisi akaonyesha jinsi molekuli yake ilivyojengeka, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo na nyingine za vitamini. Ukiila, kimeng'enya cha utumboni kinaikata molekuli katikati na mwili unapata vitamini A. Hiyo vitamini A ndiyo inayotengeneza kemikali ya kuonea kwenye mwanga hafifu. Ndiyo inayolinda ngozi laini ya koo, mapafu na utumbo, na ndiyo inayomsaidia mtoto kuhimili surua na kuhara. Juu ya hayo, karotini yenyewe huzuia oksijeni kali isichome chembe za mwili. Kitu kama hicho atakikataa nani?

Mkulima: Hakuna anayekikataa, mwanangu. Nashangaa tu kukinunua kwenye chupa na shamba limejaa.

Mfamasia: Mama, shamba lako limejaa. La huyu anayeishi chumba kimoja mjini, anakula chipsi mchana na chipsi usiku, limejaa nini? Kidonge kina kipimo kinachojulikana. Sahani haina.

Afisa lishe: Kaka, hapo kwenye kipimo ndipo nataka tusimame, maana huyu mzee ametaja mapafu na ametaja sigara. Hatuwezi kuendelea mpaka asikie habari ya Finland.

Dereva: Finland imeingiaje hapa, binti yangu?

Afisa lishe: Miaka ya sabini wanasayansi waliona jambo: watu waliokula mboga na matunda mengi yenye karotini walipata saratani ya mapafu kwa uchache. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao waliandika katika jarida la Nature wakiuliza kama betakarotini ya chakulani inaweza kupunguza saratani kwa binadamu. Wenyewe walikuwa waangalifu. Walisema jambo lipimwe. Basi likapimwa. Kuanzia mwaka 1985 Finland ilichukua wanaume wavutaji sigara 29,133 wa umri wa miaka 50 hadi 69. Wengine walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku, wengine hawakupewa, na hakuna aliyejua anameza nini. Waliendelea hivyo kwa miaka mitano hadi minane. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Kwa waliopewa betakarotini, wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa 474. Kwa wasiopewa, 402.

Dereva: Waliomeza ndio wengi?

Afisa lishe: Ndio wengi, mzee. Ongezeko la asilimia 18. Na vifo vya sababu zote vilikuwa juu kwa asilimia 8.

Mfamasia: Utafiti mmoja. Unaweza kuwa bahati mbaya.

Afisa lishe: Hata wao walijiuliza hivyo. Lakini Marekani tayari walikuwa na wa kwao, watu 18,314: wavutaji, walioacha kuvuta, na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto kazini. Baadhi yao walipewa miligramu 30 za betakarotini pamoja na yuniti 25,000 za vitamini A yenyewe. Januari 1996 waliusimamisha miezi 21 kabla ya muda wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imepanda kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Tafiti mbili, mabara mawili, mwelekeo mmoja.

Hapa nawaingilia, kwa sababu ndipo mahali ambapo matangazo ya vichupa hunyamaza. Watafiti wa Finland hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Walitegemea kuokoa maisha, na ushahidi wa awali uliwapa haki ya kutegemea. Ila ule ushahidi uliwahusu watu wanaokula karoti, na mtu anayekula karoti kwa wingi mara nyingi havuti sana, hanywi sana, na sahani yake ina mambo mengine mengi mema. Karotini ilionekana kwenye damu yake kama alama ya maisha hayo yote. Watafiti walipoichomoa peke yake na kuimimina kwa wingi ndani ya mwili wa mvutaji, kiwango chake katika damu kilipanda zaidi ya mara kumi, na pafu lililojaa moshi likaipokea vibaya. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walijaribu kwa wanyama wa jamii ya kicheche: waliopewa dozi kubwa pamoja na moshi wa sigara walipata mabadiliko ya chembe za mapafu yanayotangulia saratani. Inavyoelezwa, moshi huivunja karotini ikawa vipande vikali, na vipande hivyo huharibu badala ya kulinda. Kitu kinachozuia moto kwa kiasi kidogo kinageuka kuni kikiwa kingi.

Mfamasia: Nimesikia, na sitabisha juu ya Finland. Lakini dada, usimfiche mzee upande wa pili. Kule Linxian, China, mwaka 1993 walitoa matokeo ya watu karibu elfu thelathini. Waliopewa betakarotini miligramu 15 pamoja na vitamini E na seleniamu, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 9, na vya saratani ya tumbo kwa asilimia 21. Hilo mbona hulisemi?

Afisa lishe: Nalisema sasa. Linxian ni eneo ambalo watu wake walikuwa na lishe duni kwa muda mrefu, damu zao zikiwa na upungufu wa virutubisho vingi. Walipewa vitu vitatu kwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ni karotini iliyofanya kazi. Kumjazia mtu kilichopungua ni tiba. Kumwongezea asiyepungukiwa ni jambo jingine kabisa. Madaktari wa Marekani wenyewe walijitolea, 22,071, nusu yao wakameza betakarotini miligramu 50 siku moja baada ya nyingine kwa miaka kama 12. Wengi wao hawakuwa wavutaji na walikula vizuri. Hakukuwa na madhara, hakukuwa na faida. Sifuri.

Mfamasia: Na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2012 ilisema chini ya miligramu 15 kwa siku haileti wasiwasi, hata kwa mvutaji mkubwa. Vichupa vingi ninavyouza viko hapo au chini ya hapo.

Afisa lishe: Ni kweli walisema. Lakini soma vizuri: wamesema hawaoni madhara, hawajasema kuna faida. Mwaka 2022 jopo la Marekani linalopima huduma za kinga lilishauri waziwazi watu wasimeze betakarotini kwa lengo la kuzuia saratani au maradhi ya moyo. Sasa mimi nikuulize wewe, kaka. Mteja akimeza viwili badala ya kimoja kwa sababu anataka kupona haraka, miligramu 15 zimebaki 15?

Mfamasia hakujibu mara moja. Namheshimu kwa hilo.

Dereva: Basi mimi nimesalimika, maana nimeshaacha sigara. Hayo ni ya wanaovuta.

Afisa lishe: Baba, natamani ingekuwa hivyo. Kuna utafiti wa macho wa Marekani. Ule wa kwanza, mwaka 2001, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, zinki na betakarotini unapunguza kasi ya ugonjwa wa uzeeni unaoharibu katikati ya retina. Ni kweli, uliwasaidia. Wakaurudia. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kundi lenye betakarotini lilipata saratani ya mapafu kwa asilimia 2, na lisilo nayo kwa asilimia 0.9. Wavutaji wa wakati huo hawakupewa kabisa betakarotini. Karibu wote waliougua walikuwa wameshaacha sigara. Tangu hapo mchanganyiko huo wa macho unatengenezwa kwa luteini na zeaksanthini, betakarotini imeondolewa.

Dereva: Kwa hiyo hiki nilichonunua ili kinisafishe…

Afisa lishe: Hakisafishi. Kiache. Kwa Wafini, miaka minne hadi sita baada ya kuacha vidonge, ile ziada ya saratani haikuonekana tena. Kuacha kuna maana. Na sigara uliyoiacha ndiyo kinga kubwa kuliko chochote kitakachouzwa dukani.

Mkulima: Sasa mmefika nilikokuwa nawasubiri. Tule mboga. Mchicha upo, matembele yapo, kisamvu kipo, majani ya maboga yapo. Mungu ameweka kila kitu bustanini. Mtoto akila mchicha kila siku hana haja ya kitu kingine.

Afisa lishe: Mama, nakupenda kwa mchicha wako, lakini hapo pia nina neno.

Mkulima: Na mchicha nao una kesi?

Afisa lishe: Una kesi ndogo. Kwenye jani la kijani karotini ipo nyingi, ile rangi ya kijani inaifunika tu usiione. Shida ni kwamba imebanwa ndani ya chembe za jani, na utumbo unapata taabu kuitoa. Mwaka 1995 watafiti waliwapa kina mama wanaonyonyesha huko Indonesia mboga za majani kwa wingi, na hali yao ya vitamini A haikubadilika. Dunia nzima ya lishe ilishtuka. Zamani tulihesabu kwamba sehemu sita za karotini ya chakulani zinatoa sehemu moja ya vitamini A. Mwaka 2001 hesabu ilibadilishwa ikawa sehemu 12 kwa moja.

Mkulima: Miaka yote mmetuambia tule mchicha. Leo mnasema haufai?

Afisa lishe: Unafaa sana, ila tunaupika vibaya. Karotini inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Mchicha wa kuchemsha kwa chumvi tupu, tena maji yakamwagwa, mtoto anapata kidogo. Uleule ukiungwa kwa kijiko cha mafuta, karanga za kusaga au tui la nazi, anapata zaidi. Ndiyo maana kisamvu cha kutwangwa kikaungwa kwa karanga au tui ni mboga ya akili. Kutwanga kunavunja chembe za jani, kupika kunazilainisha, na mafuta yanabeba. Bibi zetu hawakuhitaji maabara kufika hapo. Karoti nayo ni hivyohivyo: ya kutafuna mbichi inatoa kidogo kuliko iliyopikwa na mafuta kiasi.

Mkulima: Hilo la mafuta nalikubali. Lakini ninalo jibu lingine. Viazi lishe.

Mkulima akainama kwenye kikapu chake, akatoa kiazi na kisu. Ganda la nje lilikuwa la hudhurungi, limeshika udongo, huwezi kulitofautisha na la kiazi kingine chochote. Akakikata katikati. Ndani kilikuwa na rangi nzito ya chungwa mpaka kwenye ukingo wa ganda, na utomvu mweupe ukaanza kutoka kwenye mkato. Akatoa kingine, cheupe, akakikata na kuviweka sambamba. Hakuhitaji kueleza zaidi. Kile cheupe hakina karotini ya kuhesabika.

Afisa lishe: Hapo mama umenishika. Kiazi lishe ndicho chakula chenye ushahidi mzito kuliko vyote tulivyonavyo. Afrika Kusini waliwapa wanafunzi wa shule ya msingi gramu 125 za kiazi hicho kilichopondwa, kila siku ya shule kwa siku 53, na akiba ya vitamini A kwenye maini yao ikapanda. Kiasi hicho, kama kiazi kimoja cha wastani, kilimpa mtoto zaidi ya mara mbili ya mahitaji yake ya siku. Zambézia, Msumbiji, familia zilipewa mbegu na elimu ya lishe kwa misimu miwili. Watoto wenye vitamini A ndogo kwenye damu walishuka kutoka asilimia 60 hadi 38, na kwenye vijiji vya jirani ambavyo havikupewa, hali haikubadilika. Kwa kazi ya viazi hivi Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low walipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, pamoja na Howarth Bouis.

Dereva: Mbona sokoni nakutana navyo kwa nadra? Na nyumbani wanasema ni chepechepe.

Mkulima: Mzee, umesema kweli, na wataalamu wasilipite hilo. Msukuma anataka kiazi cha unga, kikavu, kinachokaba koo mpaka uombe maji. Aina za kwanza za viazi lishe zililowa mdomoni, watu wazima wakazikataa na kuwaachia watoto. Zilizokuja baadaye, kama Kabode ya Uganda, ni kavu zaidi. Tatizo langu mimi ni marando. Kiangazi kikiwa kirefu marando yanakauka, mvua ikianza huna mbegu. Nimefundishwa kuzika viazi vidogo kwenye mchanga mkavu, vikae hadi karibu na msimu, kisha nivipande bustanini nivimwagilie, vichipue. Nimefanya, na marando ninayo. Halafu kuna fukusi. Ukichelewa kuvuna, anakutangulia.

Dereva: Rangi nayo ina historia. Sisi tumekula ugali wa njano wa msaada, tukauita Yanga. Mtu wa rika langu akiona chakula kikuu kina rangi anakumbuka njaa.

Mkulima: Wajukuu zako hawana kumbukumbu hiyo. Wao wanakipenda kwa sababu ni kitamu.

Afisa lishe: Lakini mama, na wewe nikuulize. Hivyo viazi lishe unavifanya michembe?

Mkulima: Nafanya. Navikata vipande vibichi, naanika juu ya mwamba, jua linapiga. Vikikauka naweka kwenye gunia. Na matobolwa pia, yale ya kuchemsha kwanza.

Afisa lishe: Jua na hewa ndio maadui wa karotini. Ile rangi unayoiona ikififia guniani ndiyo vitamini inayoondoka. Vikikaa ghalani miezi minne, sehemu kubwa ya karotini imekwenda. Ukichemsha kiazi na ganda lake, sufuria ikiwa imefunikwa, unabaki na kama asilimia 80. Michembe ya kiazi lishe ianikwe kwa muda mfupi, ikiwezekana chini ya kivuli chenye upepo, ifungwe isipate hewa wala mwanga, iliwe mapema. Ile ya kukaa mpaka njaa ya mwakani, tumia kiazi cheupe. Huna cha kupoteza hapo.

Jambo hili la michembe nalipa uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Tumeshuhudia kampeni nyingi zikigawa marando na kuhesabu kaya zilizopanda. Zinazouliza kiazi kinafikaje mdomoni ni chache. Kigoma wana mfano wao wa jinsi upishi unavyoamua karotini ibaki au ipotee. Kilo moja ya mawese yasiyosafishwa ina miligramu kama 500 hadi 700 za karotini, tena tayari zimo ndani ya mafuta, ambako mwili unazipokea kwa urahisi. Mtoto anayekula maharage au migebuka iliyoungwa kwa mawese mekundu anapata kitu ambacho kidonge kinajaribu kuiga. Lakini kuna mpishi anayeyachemsha mawese mpaka rangi ipotee, kwa sababu anataka mafuta meupe. Akishamaliza, karotini imekufa. Na mafuta ya mawese yaliyosafishwa kiwandani, yale yanayong'aa kwenye madumu, hayana karotini ya asili hata kidogo. Yakiwa na vitamini A, ni ile iliyoongezwa kiwandani.

Mfamasia: Sawa. Chakula kimeshinda. Sasa nijibuni hili: kama chakula kinatosha, kwa nini ninyi wenyewe mnawapa watoto matone? Mnakataza vidonge vyangu, halafu mnamimina vyenu.

Afisa lishe: Swali zuri, na ni hili linalowachanganya akina mama. Matone ya kliniki si betakarotini. Ni vitamini A yenyewe, iliyokamilika. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anapata yuniti 100,000, wa mwaka mmoja hadi miaka mitano kasoro anapata 200,000, kila baada ya miezi sita. Kapsuli ya bluu ni ya mdogo, nyekundu ni ya mkubwa. Muuguzi anakata ncha kwa mkasi na kukamulia mdomoni. Mwili unaweka akiba kwenye ini na kuitumia taratibu. Hatufanyi hivyo kwa sababu tunadharau mchicha. Tunafanya kwa sababu mtoto akiwa na upungufu na surua ikamkuta, anaweza kupoteza macho au uhai kabla kiazi hakijakomaa. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walionyesha Aceh, Indonesia, kwamba vijiji vilivyopewa dozi hizo vilikuwa na vifo vya watoto pungufu kwa asilimia 34. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watoto 250,000 hadi 500,000 hupofuka kila mwaka kwa upungufu huu, na nusu yao hufa ndani ya mwaka mmoja. Mtoto wa namna hiyo huwezi kumwambia asubiri mavuno.

Mfamasia: Basi angalau kubali kwamba karotini ni salama kuliko hiyo vitamini A yenu.

Afisa lishe: Nakubali, na nakupongeza umeligusa. Vitamini A iliyokamilika ikizidi ni sumu. Inaumiza ini, na mjamzito akizidisha yuniti 10,000 kwa siku anahatarisha viungo vya mtoto tumboni. Karotini ya chakulani haina hatari hiyo, maana mwili unapunguza kuibadili ukishatosheka. Mtu anaweza kula karoti, boga na mapapai mpaka viganja na nyayo ziwe njano, na akiacha rangi inaondoka yenyewe. Tofauti na manjano ya ini ni macho: kwa mla karoti, weupe wa jicho unabaki mweupe. Jicho likiwa njano, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mfamasia: Kwa hiyo mjamzito akija dukani?

Afisa lishe: Soma lebo. Pakiandikwa retinili, hiyo ni vitamini A iliyokamilika, usimpe bila cheti cha daktari. Pakiandikwa betakarotini, haitamdhuru mtoto, lakini muulize anakula nini kwanza. Huenda anahitaji maharage, mayai na vidonge vya madini chuma kuliko hicho.

Mfamasia: Na kuna wagonjwa wanaohitaji betakarotini kweli. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao jua likimgusa mtu ngozi inaungua. Wale hupewa dozi kubwa kwa miaka.

Afisa lishe: Wale ni wagonjwa, wana daktari, wanafuatiliwa. Hao sina ugomvi nao.

Dereva: Binti yangu, nimeshaelewa yangu. Ila macho. Mimi usiku sioni vizuri kama zamani. Karoti zitanirudishia?

Afisa lishe: Kama huna upungufu wa vitamini A, hapana, baba. Karoti inamrudishia macho ya usiku aliyepungukiwa. Kwa umri wako inaweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya macho. Nenda ukapimwe.

Wao wanaweza kuendelea. Mimi nasema langu waziwazi. Kwa mtu mzima mwenye afya anayekula, sijaona sababu ya kichupa cha betakarotini. Kwa anayevuta sigara, na kwa aliyeacha, nakiona ni hatari, na naumia kila ninapoona kikiuzwa kwa maneno ya kusafisha mapafu. Mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe kliniki Juni na Desemba apate matone yake, hata kama nyumbani kuna bustani. Na bustani hiyo iwe na tuta la viazi lishe, mboga yake iungwe kwa mafuta.

Kwenu wenye maduka ya dawa nina ombi moja. Mteja akinyoosha kidole kwenye kichupa cha betakarotini, kabla hujakishusha rafuni, muulize: unavuta sigara, au umewahi kuvuta? Akisema ndiyo, usimuuzie.